Kisu kikubwa cha porini: nichukue cha sentimita 16 au 23?

Mzururaji
Wakuu, naomba mawazo. Kisu changu cha kukunja kinatosha kukata kamba na kumenya matunda, basi. Sasa nataka kikubwa kisichokunjwa, cha kupasulia kuni, kuchongea vigingi vya hema na kupogolea matawi njiani. Huwa nalala nje siku mbili tatu na mzigo wote uko mgongoni kwangu, kwa hiyo uzito unanihusu. Nimebakiza viwili: ESEE-6, bapa kama sentimita 16, na Becker BK9, kama sentimita 23. Vyote ni chuma cha kaboni, jamii ya 1095. Kuna na kingine chenye meno ya msumeno mgongoni, hicho kinanivutia macho tu. Nichukue kipi?

Kinoo
Cha meno achana nacho. Kuni unapasua kwa kugonga mgongo wa kisu na kipande cha mti. Meno yatakitafuna hicho kipande. Na ukijaribu kukatia tawi, yanakwama. Msumeno mdogo wa kukunja utakufaa zaidi.

Kwa hivyo viwili, anza na kuni unazopasua. Bapa lazima lipite upande wa pili wa gogo, libaki la kugonga. Cha sentimita 16 kwenye gogo la unene wa 10 kinakuachia kama 5 za kupigia, inatosha. Magogo mazito kuliko hayo utayatafutia wapi, na ya nini, kwa moto wa mtu mmoja? Halafu kuchonga. Makali unayochongea ni yale yaliyo karibu na vidole, na kisu kirefu kinakuvuta mkono mbele muda wote. Kwa safari za kubeba mgongoni, mimi nachukua cha 16 bila kufikiri mara mbili.

Usipovipenda vyote ukatafuta kingine, kwanza angalia mpini. Chuma kiende mpaka kitakoni kwa upana ule ule. Ukikitazama kwa juu unaona vipande viwili vya mpini vimekibana katikati. Si kwamba chuma chembamba ndani ya mpini ni kibaya lazima: Ka-Bar ya wanamaji wa Marekani iko hivyo tangu 1942 na watu wanaisifu. Ubaya uko pale bapa linapoingia mpini kwa kona kali ya mraba. Nguvu za kugonga zinakusanyika kwenye kona hiyo, na hapo ndipo visu vya namna hiyo hukatikia.

Mti_Mkavu
Kinoo nakuheshimu, ila umekionea cha 23. Mimi shoka sibebi kabisa. Uzito wa bapa refu uko mbele, ukipiga tawi kinajivuta chenyewe. Cha 16 utapiga, utapiga tena, mkono uchoke. Kazi ndogo namwachia mdogo wake: Mora Garberg, bapa karibu sentimita 11, unene milimita 3.2. Vinatembea pamoja.

Ila Mzururaji, kama njia zako ni nyasi na mitambaazi, vyote viwili havikufai. Hapo ni panga jembamba, milimita 2 hivi. Kisu cha milimita 5 kinazilaza nyasi tu.

Mzururaji
Njia ni za miti, nyasi kidogo. Kisu kidogo ninacho, cha pili sibebi. Naona ni cha 16. Je, mvua? Nasikia 1095 inakula kutu hata kwa jasho.

Kinoo
Inakula, ndiyo. Kaboni yake ni kama asilimia 0.95 na kromiamu, ile inayozuia kutu, karibu hakuna, wakati chuma cha pua kinaanzia asilimia 10.5 hivi. ESEE-6 hupakwa rangi ngumu ubavuni, lakini makali yako wazi, na kutu inaanzia hapo. Jioni kifute kikauke, paka tone la mafuta yanayolika, maana utakatia chakula. Ukiwa na ala ya ngozi usikiache humo nyumbani. Ngozi inanyonya unyevu na kuukumbatiza kwenye chuma. Kama unajijua mvivu wa kufuta, chukua cha chuma cha pua, hakuna aibu.

Faida ya 1095 utaiona siku ya kunoa: inakubali kinoo haraka. Paka makali kalamu ya wino mzito pande zote mbili, kisha pitisha kinoo mara mbili tatu na utazame. Wino ukitoka juu tu, karibu na ubavu wa kisu, umelaza kisu mno. Ukitoka kwenye ncha kabisa ya makali, umekiinua mno. Tafuta mlalo unaoufuta wote. Kwa kisu cha kugongwa nyuzi 20 hadi 25 kila upande. Chini ya hapo makali yatakunjika kwenye kifundo cha kwanza cha mti.

Mti_Mkavu
Na kwenye kifundo usikipindue kisu ili kitoke. Geuza gogo, pasua kutoka upande wa pili.