Wadhamini walio Mombasa na sheria mpya za Uingereza: msimbo binafsi, S.L.P. na fomu ya kuzuia udanganyifu

Katibu_Likoni

Assalamu alaikum wanabaraza. Jumuiya yetu hapa Likoni yafadhiliwa na shirika la hisani la Leicester, lililosajiliwa kama kampuni ya dhamana isiyo na hisa. Wadhamini ni watatu, na hao hao ndio wanachama pekee wa kampuni. Wawili wako Mombasa. Mhasibu wa kule ataka kila mmoja awe na msimbo binafsi, ule unaotolewa mtu akishathibitishwa utambulisho wake, kabla ya tamko la mwaka la kampuni, ambalo ni mwezi ujao. Mzee mmoja pasipoti yake imekwisha muda, ana kitambulisho tu. Wa pili anayo, lakini majina hayalingani na yaliyo kwenye rejista. Wakili wa hapa aweza kugonga muhuri nakala tukazituma? S.L.P. yetu yafaa kama anwani yao? Na kuna mfadhili mwengine, mkubwa, wa London, ametuletea fomu ya kuzuia udanganyifu tutie saini. Tutie?

Mhasibu_Kibokoni

Waalaikum salaam katibu. Muhuri wa wakili wa Treasury Square hausaidii hapa, hata awe mwanasheria wa miaka arobaini. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2023 kuhusu uhalifu wa kiuchumi na uwazi wa kampuni imefungua njia mbili tu: mtu ajithibitishe mwenyewe kupitia GOV.UK One Login (akaunti ya mtandaoni ya serikali ya Uingereza), bila malipo, au athibitishwe na wakala aliyesajiliwa na Companies House, yaani msajili wa kampuni wa kule. Wakala huyo lazima awe chini ya msimamizi wa Uingereza wa kuzuia utakatishaji fedha, na hutoza ada yake. Jambo hili ni la lazima tangu tarehe 18 Novemba 2025. Mkurugenzi mpya athibitishwe kabla ya kuteuliwa; aliyekuwepo hutoa msimbo kwenye tamko la kwanza la kampuni baada ya tarehe hiyo. Mdhamini wa kampuni ya hisani ni mkurugenzi kisheria, kwa hivyo hakuna msamaha.

Mwenye pasipoti aanze leo. Pasipoti ya kielektroniki ya Kenya ina chipu, na programu ya simu huisoma. Simu iwe na NFC (uwezo wa kusoma chipu kwa karibu), kava itolewe, pasipoti iwekwe juu ya meza na simu ilale juu yake bila kutikiswa mpaka isome. Wengi hukwama hapa kwa sababu wanaiondoa simu mapema. Kisha uso hupigwa picha, ndiyo maana hakuna awezaye kumfanyia mwenziwe. Barua pepe iwe yake mwenyewe, si ya ofisi: akaunti moja ni ya mtu mmoja. Na aanzie kwenye ukurasa wa kujithibitisha kwa ajili ya Companies House. Akifungua One Login kwa shughuli nyingine na kuishia hapo, hatapata msimbo. Msimbo una herufi na tarakimu 11, na ni wa mtu, si wa kampuni. Akiwa mkurugenzi wa kampuni tatu hutumia huo huo.

Kitambulisho cha taifa hakikubaliwi na programu ile. Kwa mzee, ama apeleke ombi la pasipoti mpya kwa eCitizen na kwenda ofisi ya uhamiaji katika jengo la Uhuru na Kazi, ama mtafute wakala, kwani orodha ya hati anazoruhusiwa kupokea ni pana kidogo. Muulizeni anakubali hati gani kabla hamjamlipa.

BintiTudor

Naongeza kuhusu majina, maana Pwani ndipo yanapotusumbua. Rejista yasema Mohamed Ali, pasipoti yasema Mohammed Ali Said. Kampuni irekebishe kwanza jina kwa fomu CH01, liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, ndipo msimbo uunganishwe. Tarehe ya kuzaliwa nayo itazamwe. Wazee wengi waliandikishwa tarehe 1 Januari kwenye hati moja na tarehe nyingine kwenye hati ya pili, na tarehe isipolingana mfumo hauunganishi.

S.L.P. hapana. Ofisi iliyosajiliwa lazima iwe Uingereza, mahali ambapo barua ikiletwa kwa mkono yupo wa kuipokea, na tangu tarehe 4 Machi 2024 sanduku la posta halikubaliwi. Anwani ya mawasiliano ya mkurugenzi yaweza kuwa Mombasa, lakini iwe ya mahali penyewe: jengo au nambari ya ploti, barabara, mtaa, halafu Mombasa 80100, Kenya. Ikumbukwe kwamba huonekana na umma, kwa hivyo wengi huandika ile ya ofisi ya kampuni.

Mhasibu_Kibokoni

Kuna jambo jengine ambalo katibu hakuliuliza, nalo ndilo litakalowauma. Wanachama watatu maana yake kila mmoja ana thuluthi ya kura. Kizingiti cha mtu mwenye udhibiti mkubwa, ambaye lazima aandikwe kwenye rejista, ni zaidi ya asilimia 25, kwa hivyo wote watatu wanaingia. Kampuni nyingi ndogo za hisani zimejaza kwamba hazina mtu wa namna hiyo, kwa kudhani ni habari ya hisa tu. (Wangekuwa wanne, kila mmoja angekuwa na 25 kamili na asingeingia.) Nafasi hii ina tamko lake mbali, kwa msimbo ule ule, katika muda wa siku 14. Rejista yenyewe huonyesha tarehe ya kila mtu. Itazameni huko, msiende kwa kukisia.

Katibu_Likoni

Shukran sana. Rejista yao kweli yasema hakuna. Sasa mzee asipowahi?

Mhasibu_Kibokoni

Tamko lina siku 14 baada ya mwaka wake kuisha, na halisogezwi mbele. Ada yake kwa mtandao ni pauni 50 tangu Februari 2026. Bila msimbo wa kila mkurugenzi halipiti, na kuchelewa ni kosa la kampuni na la wakurugenzi. Ikiwa hawezi kabisa, ajiuzulu, fomu TM01 iende ndani ya siku 14, lakini kwanza someni katiba ya kampuni: wakibaki wawili, akidi yatimia? Kumrudisha baadaye kutahitaji athibitishwe kwanza. Tena ajiuzulu ukurugenzi na uanachama pia, la sivyo kura yake yabaki na udhibiti wake nao. Wakibaki wanachama wawili, kila mmoja ana nusu.

Mkaguzi_Ganjoni

Nijibu la fomu. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 shirika kubwa laweza kushtakiwa kwa kushindwa kuzuia udanganyifu. Kubwa ni lile lililotimiza mawili kati ya haya: wafanyakazi zaidi ya 250, mapato zaidi ya pauni milioni 36, mali zaidi ya pauni milioni 18. Mashirika ya hisani yamo. Faini haina kikomo, na kinga yao ni kuonyesha walikuwa na taratibu za busara. Ndiyo sababu fomu zinateremshwa hadi Likoni.

Wengi hudhani kosa hili ni pesa kuibwa na karani wa mradi. Sivyo: hapo mfadhili ndiye aliyeibiwa. Kosa ni udanganyifu uliokusudiwa kumnufaisha, ukifanywa na mtu anayetoa huduma kwa niaba yake. Mkiandika watoto 400 wanalishwa Kisauni na wako 250, ili yeye apate ruzuku zaidi kwa takwimu hizo, hapo mmeingia. Kwa hivyo atakachokagua ni hesabu za walengwa kabla ya stakabadhi. Wekeni madaftari ya mahudhurio yenye saini za siku ile ile, na taarifa ya Paybill iliyotolewa na mfumo wenyewe, si picha ya skrini.

Mkipokea ruzuku tu kwa kazi yenu wenyewe, huenda kisheria hata hamhesabiwi kuwa mnatoa huduma kwa niaba yake. Ulizeni iandikwe wazi. Kutia saini kwamba mna taratibu na mtatoa taarifa mkishuku jambo ni sawa. Kipengele cha kumfidia kwa udanganyifu wowote wa mtu yeyote, kikateni, au kiwekewe mpaka wa kiasi cha ruzuku. Nakala ya katiba na hesabu mpeni, kwani HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, nayo humtaka aonyeshe amechukua hatua za busara kuhakikisha pesa zilizotoka nje zimetumika kwa hisani. Asipoweza, apoteza nafuu ya kodi kwa kiasi hicho.

BintiTudor

Na ukiona tangazo la kijana anayeuza msimbo kwa shilingi elfu tano, usimtumie hata picha ya pasipoti.