Nani mwenye mamlaka ya kumwita mtu mwendawazimu?

Mkazi wa Kayole:
Wanajukwaa, naomba mawazo yenu. Kwenye steji yetu ya matatu yupo mzee anayeshinda akipanga vifuniko vya soda kwa rangi zake huku akizungumza peke yake. Makanga humwita chizi, ilhali humtuma chai na chenji hurudi bila kupungua shilingi. Katika ploti yetu yupo pia baba anayempiga mkewe kila mwisho wa mwezi, na hakuna aliyewahi kusema kwamba akili zake zina kasoro. Sasa kikao cha wafanyabiashara kimeamua kwamba mzee aondolewe kwa nguvu kabla hajamdhuru mtu, ingawa hajamgusa yeyote. Je, wazimu ni ugonjwa, au ni jina tunalompa yule tusiyetaka kumwona?

Muuguzi mstaafu:
Ugonjwa upo, na tusiukane kwa sababu jina lake hutumiwa vibaya. Mtu anayesikia sauti zikimwamuru ajiue anateseka kwelikweli, hata jamii ikimwacha aishi apendavyo. Hata hivyo, wodini hatukuuliza kama mgonjwa anafanana na wenzake. Tuliuliza analalaje, amebadilika tangu lini, ametumia nini, na tulimpima damu, kwani malaria iliyofika kwenye ubongo humfanya mtu aweweseke, na mlevi wa miaka mingi aliyeacha pombe ghafla huweza kuona visivyokuwapo. Wengine waliletwa wakiwa wamefungwa kamba mikononi, na jamaa zao hawakuwa na la kueleza ila kwamba wameiaibisha familia.

Wakili, Ngara:
Kipimo cha sheria ni chembamba kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 11 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya humchukulia kila mtu kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo, na kifungu cha 12 humwondolea mtu lawama pale tu ambapo, wakati wa kutenda, ugonjwa wa akili ulimnyima uwezo wa kuelewa anachotenda au kujua kwamba hapaswi kukitenda. Baba wa ploti yenu, ikiwa huacha kumpiga mkewe mara mlango ukibishwa, anajua vyema anachotenda, na shauri lake ni la polisi. Kuhusu mzee, Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyorekebishwa 2022, imeweka utaratibu wa kumlaza mtu hospitalini bila ridhaa yake, na kikao cha wafanyabiashara hakimo katika utaratibu huo.

Mwalimu wa historia:
Niongeze jambo linaloniuma. J. C. Carothers, daktari aliyeisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari enzi za ukoloni, aliandika ripoti iliyochapishwa na serikali hapa Nairobi 1954, akieleza chanzo cha uasi wa Mau Mau kwa kuzichambua nafsi za Wakikuyu, kana kwamba ardhi iliyochukuliwa haikutosha kuwa sababu ya mtu kukasirika. Huko Marekani, 1851, daktari Samuel Cartwright alidai kwamba mtumwa anayetoroka ana maradhi ya akili. Mara zote mbili aliyedhulumiwa ndiye aliyepimwa, na kalamu ilishikwa na upande uliomdhulumu.

Mkazi wa Kayole:
Asanteni sana. Nitawasomea wafanyabiashara maelezo ya wakili kabla hawajamgusa mzee. Muuguzi, nikikaa naye kesho asubuhi, nianze kwa kumwuliza nini ili asidhani kwamba nimetumwa kumfukuza?