Leseni ya mshauri wa ndoa ni picha ya harusi yake???

MamaTwins_Nax: Nimetoka kwa YULE sasa hivi, niko kwa ngazi natetemeka. Mnamjua. Ghorofa ya tatu, manukato yanakupokea ukiwa bado stejini. Simtaji, asinipeleke kortini.

Mzee wangu nimembembeleza mpaka magoti yakaota sugu ndiyo akubali kuja. Tumeketi, nikauliza kwa heshima, "Daktari, naomba kuona leseni." Jamaa akanyoosha kidole ukutani. PICHA YA HARUSI YAKE. Yeye, mkewe na keki ya ghorofa saba. "Leseni yangu ni hiyo, mama."

Na mzee wangu akapiga makofi! Mtu ambaye nyumbani hacheki hata ukimtekenya!

Picha ya harusi jameni. Kando yake kibali cha biashara cha kaunti, sawa na cha muuza kuku wa hapo chini. Sheria ya washauri na wanasaikolojia iko tangu 2014, inataka usajiliwe na bodi, uwe na leseni, na huyu ananionyesha keki. Elfu tatu zangu harudishi. Nani anajua mwenye makaratasi ya kweli, HAPA Nakuru?

Kanyaga_Twende: Uliuliza leseni hata kabla ya kusema shida? Madam, mwenye shida tushamjua.

NyarKano: 😂😂 Kisumu huku ni pasta. Unamwambia siri Jumanne, Jumapili ni mahubiri. "Kuna dada hapa ndani, sitamtaja..." na kanisa lote limekugeukia.

Omwami_Mtulivu: Hayo masomo ya tiba ya ndoa na familia yako vyuo vikuu kama USIU na PAC, vyote Nairobi. Akishamaliza, aje Kakamega kufanya nini na wazee wanasuluhisha kwa jogoo mmoja?

Kanyaga_Twende: Jogoo? Kwetu ni mbuzi, na bibi bado anarudi kwao.

MamaTwins_Nax: Nimeuliza mshauri, si mifugo! Mtu ananiangalia machoni ananionyesha PICHA YA HARUSI. Iko kwa fremu ya dhahabu!

Bibi_wa_Kondele: Shukuru yeye zake zilitoka. Mpiga picha wangu alikula depo, mpaka leo ati "ziko kwa kompyuta zinasafishwa". Mtoto ameingia chekechea, PP1.

NyarKano: Woi, yule wa kofia? Mimi alinipa video nzuri sana. Harusi si yangu.

Kanyaga_Twende: Nyinyi hamjakutana na wa tenti. Mvua ilinyesha ndani kuliko nje. Baba mkwe alikula pilau na mwavuli.

Bibi_wa_Kondele: Wa tenti ama wa keki? Wa keki alileta mkate, wallahi, mkate umepakwa rangi.

MamaTwins_Nax: Jameni, na mshauri?

Omwami_Mtulivu: Kwa vile tuko hapo, nauza suti ya harusi, ya bluu, imevaliwa mara moja. Niko Kakamega, natuma na matatu.

Kanyaga_Twende: Bei ya mwisho?