Toranti kwenye Wi-Fi ya chuo: niwaeleze nini mwaka wa kwanza?

Msaidizi_TEHAMA
Wakuu, habari zenu. Nimepewa dakika 20 mbele ya wanafunzi wapya niwaeleze hatari za toranti (kugawana mafaili moja kwa moja kati ya kompyuta za watu) kwenye mtandao wa chuo. Tangazo la ubaoni linasema "hairuhusiwi", basi. Wengi wanaamini kosa ni kupakua tu, na kwamba ukifunga dirisha yameisha. Nianze na lipi, na niwaoneshe nini kwenye skrini?

Nodi7
Mkuu, anza na hilo hilo la dirisha. Washa qBittorrent (programu ya toranti) ukumbini kwa bando la simu yako, weka toranti halali ya Ubuntu (mfumo endeshi wa bure), kisha bonyeza kichupo cha Peers. Zitajipanga anwani za IP (namba zinazotambulisha muunganisho wa mtandao) za watu wa nchi mbalimbali, kila moja na bendera yake. Waambie: hao mnaowaona, nao wanawaona ninyi. Wanaowafanyia kazi wenye hakimiliki hujiunga humo humo na kunakili anwani na saa.

Kisha waoneshe kasi ya kupakia. Faili hukatwa vipande, na kipande kikishafika kwako programu inaanza kuwagawia wengine, hata kabla faili halijakamilika. Kwa hiyo kisheria huyo si mpakuaji tu, ni msambazaji pia. Sasa bonyeza X. Mara nyingi programu haizimiki, inajificha pembeni mwa saa chini kulia na kuendelea kugawa. Kuizima kweli ni kubofya kitufe cha kulia kwenye alama yake na kuchagua Exit, kisha kuiondoa kwenye orodha ya programu zinazojiwasha na Windows (Task Manager, Startup apps).

binti_seva
Naongeza la barua za malalamiko ambazo wenye hakimiliki hukitumia chuo, maana hapo watu huonewa bila sababu. Barua huandika IP, poti (namba ya mlango wa muunganisho) na saa ya UTC (saa ya kimataifa). Sisi tuko mbele kwa saa tatu: 21:14 UTC ni saa 6:14 usiku, tena tarehe imeshabadilika. Ukisahau hilo unamshika mwanafunzi asiyehusika. Na kwa kuwa hosteli nzima hutoka na IP moja, bila poti na kumbukumbu za NAT (mfumo wa ruta unaovifanya vifaa vingi vitumie IP moja) huwezi kumjua mhusika. Wanafunzi nao wajue kuwa kumpa rafiki nywila ya Wi-Fi ni kumpa jina lako: kumbukumbu zitaonesha akaunti yako.

Sheria za hakimiliki zipo: Tanzania ya 1999, Kenya ya 2001. Mwaka 2009 jopo la raia (jury) mahakamani Boston, Marekani, lilimwamuru mwanafunzi wa chuo kikuu alipe dola 675,000 kwa kupakua na kusambaza nyimbo 30, yaani dola 22,500 kila wimbo.

Kuhusu kasi, waeleze kwa nini chumba cha jirani kinaumia. Kwenye chaneli moja ya Wi-Fi vifaa hupokezana zamu. Laptopu moja inayopakia usiku kucha kwa miunganisho mamia inakula zamu za wengine na kujaza jedwali la NAT la ruta ndogo. Njia ya kupakia ikijaa, hata kupakua kunadorora, kwa sababu majibu ya "nimepokea" yamekwama kwenye foleni. Ndiyo maana mwenzake anashindwa kuwasilisha kazi yake saa 5:50 usiku.

Mkonge_88
Kwangu hatari kubwa ni kraki (programu za kulipia zilizovunjwa kufuli) za SPSS ya takwimu na ArcGIS ya ramani. Maelekezo yakisema "zima antivirasi kwanza", simama hapo hapo. Virusi vya kufunga mafaili vya familia ya STOP/Djvu vimesambaa sana kwa njia hiyo, na vingine huiba nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Waoneshe jina hili: Notes_Takwimu.pdf.exe. Windows huficha kiambishi cha mwisho, kwa hiyo wao huona Notes_Takwimu.pdf. Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, View, Show, File name extensions. Fanyeni pamoja pale pale ukumbini.

Aliyekwisha kuendesha faili la namna hiyo akate Wi-Fi kwanza. Abadilishe nywila kwa simu, asitumie laptopu hiyo, na atoke kwenye vifaa vyote vilivyoingia akaunti yake, kwani mwizi akishapata kuki (faili la kivinjari linalokumbuka kuwa umeshaingia) hahitaji nywila. Kisha asakinishe Windows upya. Na usiwaache mikono mitupu: PSPP au jamovi badala ya SPSS, QGIS badala ya ArcGIS. Zote ni bure na halali.

Msaidizi_TEHAMA
Asanteni sana. Wakiuliza VPN (huduma inayopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine) je?

Nodi7
Inaficha IP yao kwa wale wa kwenye Peers, lakini haimalizi hatari. Kraki bado itaendeshwa kwenye laptopu yao, zamu za Wi-Fi zitaliwa vile vile, na VPN ikikatika kidogo tu, IP ya chuo inaweza kujitokeza.