Bima imekubali kulipia upasuaji wa jicho la mama, lakini imekataa kulipia lenzi!

Wadau, nina hasira na sitaificha.

Mama yangu ana miaka 71, anauza mboga mtaa wa Umoja, Nairobi. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na la kulia ndilo limeharibika zaidi. Noti ya hamsini na ya elfu anazijua kwa kumwuliza mteja, na wateja wengine Mungu anawaona. Akimimina chai, kidole kinakaa ndani ya kikombe ndipo ajue imefika wapi. Nikasema basi, kadi ya bima ipo na imelipiwa, twende hospitali.

Daktari akatuma ombi la idhini. Jibu likarudi: upasuaji tutalipa, lenzi hatulipi. Ati lenzi ni kifaa cha kurekebisha uoni, iko kundi moja na miwani, na mpango wa wazee haugharamii miwani. Mgonjwa ajilipie.

Someni tena hapo. Wako tayari kulipa mama atolewe lenzi aliyozaliwa nayo, ila ya kuwekwa mahali pake hawataki hata kuisikia.

Mtoto wa jicho si utando unaopanguswa juu ya jicho. Ni lenzi yenyewe ya ndani: protini zake zimeshikana, imeingia ukungu, mwanga haupiti vizuri. Kwa wengi ni uzee tu, na kisukari huharakisha. Ikishafika pale ilipo ya mama, miwani haifui dafu, na hakuna dawa ya matone ya kuisafisha. Daktari hupasua kidogo, huitoa ile iliyoharibika, na kwa kawaida huweka ya bandia hapo hapo mgonjwa akiwa bado mezani. Ni kazi moja. Ukimwacha bila lenzi, atahitaji yale mamiwani mazito kama kitako cha chupa waliyovalishwa wazee zamani. Harold Ridley alipandikiza lenzi ya kwanza London mwaka 1949! Ni miaka zaidi ya 70, na bado kuna mtu ofisini anayeihesabu kuwa pambo.

Ningekuwa nimeomba mama afanyiwe leza ya LASIK ili aache miwani, wangekataa na ningenyamaza. Hiyo kampuni nyingi za bima hazilipii, na ninaelewa kwa nini. Wala sikuomba ile lenzi ya bei ya kuona mbali na karibu kwa pamoja. Nimeomba ya kawaida. Hata Medicare, bima ya serikali ya wazee kule Marekani, ambayo kwa kawaida hailipii miwani, hulipia upasuaji wa mtoto wa jicho pamoja na lenzi ya kawaida, na baadaye hugharamia miwani.

Kinachoniuma zaidi ni wakala. Alikuja hadi kibandani, akakalishwa, akapewa chai, akamwambia mama, "Shosho, kazi yako ni kupona tu, mambo ya pesa tuachie sisi." Sasa hapokei simu. Huduma kwa wateja nao wananisomea kifungu kile kile kana kwamba mimi sijui kusoma.

Na msiniambie niende SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, tafadhali. SHA nachangia. Tangu ichukue nafasi ya NHIF, ile bima ya serikali ya zamani, Oktoba 2024 nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kama mwajiriwa mwingine yeyote. Hapa nazungumzia mkataba wa pembeni tuliouziwa kwa maneno matamu, na pesa zake wamekula. Ndugu wameshaanza kusema tufungue kikundi cha WhatsApp tuchange. Kwa nini tuchange wakati bima imelipwa?

Naandaa malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Nina mkataba, barua ya kukataliwa na maelezo ya daktari kwamba lenzi ni sehemu ya upasuaji. Kuna yeyote hapa aliyewahi kupeleka kesi kama hii? Walikuitisha karatasi gani zaidi, na kampuni ilibadili msimamo au ilikuzungusha? Hospitali haitampanga mama mpaka pesa ya lenzi ipatikane, kwa hivyo nahitaji majibu ya watu waliopitia.

Nanyi ambao bima ya mzazi inakaribia kuhuishwa, msitie sahihi kabla ya kusoma ukurasa wa macho. Ulizeni kwa maandishi kama lenzi imo ndani ya gharama ya upasuaji, na wawajibu kwa maandishi.