Ushauri: Modeli ya mtambo wa umeme ina usahihi wa asilimia 99, lakini king'ora hulia bure

Msimamizi wa Mtambo (Njombe):
Wanajukwaa, salaam. Nasimamia mtambo mdogo wa umeme wa maji wa kijiji. Kila baada ya dakika 10 kifaa hurekodi mtetemo wa turbini, joto la beringi, kina cha maji na nguvu inayozalishwa, na kutokana na kumbukumbu hizo nimetengeneza modeli ya kitakwimu inayokadiria uwezekano wa hitilafu. Katika majaribio ilipata usahihi wa asilimia 99, nasi tukaiunganisha na king'ora. Kinachonitatiza ni kwamba king'ora hulia karibu kila siku na fundi akikagua hakuti kitu, kiasi kwamba walinzi wa zamu ya usiku sasa hukizima na kuendelea kuota moto. Kamati ya mradi inataka modeli iunganishwe moja kwa moja na lango la maji ili mtambo ujizime wenyewe. Je, niunganishe, au kwanza nitafute modeli yenye usahihi mkubwa zaidi? Naomba kuwasilisha.

Mtu wa Maabara (Mbeya):
Ndugu mleta mada, turbini sizijui, ila tatizo lako nalifahamu kwa sababu ndilo linalotukabili katika upimaji wa magonjwa. Usahihi wa asilimia 99 hauelezi lolote mpaka useme hitilafu hutokea mara ngapi. Unapata vipimo 144 kwa siku. Modeli ikikosea kwa asilimia 1 tu, utapigiwa king'ora cha bure mara moja au mbili kila siku, yaani zaidi ya mara 500 kwa mwaka, ilhali hitilafu za kweli ni za kuhesabika. Modeli ambayo ingesema "salama" muda wote bila kupima chochote ingekushinda kwa usahihi huo unaoutegemea.

Chukulia watu 1,000 ambao 10 kati yao wanaumwa, na kipimo kinachobaini wagonjwa 9 kati ya 10 lakini kinawakosea watu 5 katika kila 100 wasioumwa. Kitatoa majibu chanya ya kweli 9, na ya uongo karibu 50. Hiyo ni kanuni ya Thomas Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763 yeye akiwa ameshafariki. Kwa sababu hiyo hiyo, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza majibu chanya ya vipimo vitatu mfululizo kabla ya kumthibitisha mtu kuwa na VVU: kadiri wenye virusi wanavyopungua miongoni mwa wanaopimwa, ndivyo majibu ya uongo yanavyochukua sehemu kubwa ya majibu chanya. Zingatia kwamba vipimo hivyo ni vya aina tofauti. Kusoma kihisi kile kile cha mtetemo mara tatu ni kumhoji shahidi mmoja mara tatu.

Fundi Mitambo (Iringa):
Lango usiliunganishe kabisa. Likifungwa ghafla, shinikizo la maji yaliyokuwa yakishuka hupanda kwa kishindo na linaweza kupasua bomba, na kijiji kitabaki gizani kwa sababu ya king'ora cha bure. Kinga za mwendokasi na joto kupita kiasi zibaki huru, zisiitegemee modeli. Modeli iishie kwenye kumwita fundi.

Vilevile, ulitenganishaje data za kufundishia na za kujaribia? Zikichotwa kwa kuchanganywa, kipimo cha saa 4:10 hufundisha na cha saa 4:20 hujaribu, navyo karibu vinalingana, hivyo usahihi wa majaribio huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Fundisha kwa mwaka mmoja, jaribu kwa unaofuata. Masika mto huleta tope na majani, wavu wa banio (pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni) huziba, na mtetemo hubadilika bila beringi kuwa na kosa lolote.

Msimamizi wa Mtambo (Njombe):
Nashukuru sana, wakuu. Data zangu nyingi ni za kiangazi, na hitilafu zilizothibitishwa hazizidi vidole vya mkono mmoja. Je, modeli inaweza kujifunza kwa mifano michache kiasi hicho?

Mwalimu wa Takwimu (Mbeya):
Hitilafu haiwezi kuzijifunza, ila hali ya kawaida inaweza, na hiyo unayo tele. Kadiria joto la beringi linalotarajiwa kwa kuzingatia nguvu inayozalishwa na joto la chumba (baridi ya Njombe ya Julai mnaijua wenyewe), kisha fuatilia tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopimwa. Chati za udhibiti za mtakwimu Walter Shewhart, za mwaka 1924, hutumia mipaka ya mikengeuko sanifu mitatu (mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi data zinavyotawanyika kutoka wastani); lakini hata tofauti zikifuata mgawanyo wa kawaida (wenye umbo la kengele), vipimo 27 hivi katika kila 10,000 vitavuka mipaka bila sababu, nawe utaamshwa bure kila baada ya siku mbili au tatu.

Kwa beringi inayochakaa polepole napendelea njia ya mtakwimu E. S. Page ya mwaka 1954, inayojumlisha tofauti ndogondogo mpaka jumla ivuke kikomo. Nyuzi mbili za ziada kwa saa moja si hoja; zikidumu wiki nzima, mwite fundi. Walinzi nao waandike daftarini kila king'ora, saa yake na kilichokutwa, hata pale ambapo hakikukutwa kitu, maana bila rekodi hiyo kikomo utakuwa unakibahatisha.

Msimamizi wa Mtambo (Njombe):
Basi kamati nitaieleza kwamba lango haliunganishwi. Je, ninunue kihisi kingine cha kuthibitisha mtetemo?

Fundi Mitambo (Iringa):
Bado, mkuu. Joto la beringi unalo tayari. King'ora kilie pale tu joto na mtetemo vinapozidi kwa pamoja katika vipimo vitatu mfululizo. Fedha za kihisi zinunue kwanza wavu mpya wa banio kabla ya mvua za Desemba.