Nimemwaga oili jana, taa ya MAINT REQD bado inawaka. Nimepigwa?

BintiPangani

Wakuu, salaam. Msaada tutani, na msinicheke.

Niko Columbus, Ohio, nahudumia wazee zamu ya usiku. Gari yangu ni Toyota Corolla ya 2010, ya kuwasha kwa ufunguo, niliinunua mkononi mwa mtu mwaka jana. Wiki mbili zilizopita, kila nikiwasha, kwenye dashibodi yanametameta maandishi ya njano MAINT REQD, yaani gari inataka matengenezo, halafu yanazima yenyewe. Nikasema ngoja mshahara uingie. Juzi yakagoma kuzima. Jana asubuhi nikitoka kazini nikapitia pale wanapomwaga oili huku mwenyewe umekaa ndani ya gari. Dakika kumi na tano, nikalipa, wakanibandikia stika kwenye kioo, nikaondoka. Nafika nyumbani, taa ileile inanitazama.

Sasa roho haitulii. Sikushuka garini, sikuona hata tone moja likitoka wala kuingia. Mwanamke, mgeni, ana usingizi, nani atakosa kumpiga?

Kaka yangu yuko Tanga. Nimemtumia picha WhatsApp, kanirudishia ujumbe wa sauti kama anatangaza msiba: usiiwashe tena hiyo gari, injini itanoki. Mwenzangu kazini, yeye ana Chevrolet, kaniambia nifungue swichi bila kuwasha injini, nikanyage mafuta mpaka chini mara tatu harakaharaka. Nimekanyaga mpaka kisigino kinauma. Hakuna kitu.

Marehemu baba alikuwa na Land Rover. Kilomita za kumwaga oili aliziandika kwenye kipande cha boksi, anakichomeka nyuma ya kile kibao cha kukinga jua. Taa za kutisha watu hazikuwepo.

fundi_mstaafu

Dada, pole na zamu. Gari washa, nenda kazini.

Kaka yako kachanganya taa mbili. Ya kuogopa ni nyekundu, ina picha ya kikopo cha oili chenye tone mdomoni. Ile ikiwaka uko barabarani, weka gari pembeni na uzime injini hapohapo, presha ya oili imeshuka. Hapo maneno ya kunoki ni ya kweli. Hii yako ya njano haijui hata oili ina rangi gani. Hakuna kifaa chake kinachogusa oili popote. Inahesabu maili tu tangu mara ya mwisho iliporudishwa sifuri: zikikaribia 4,500 inaanza kumeta, zikifika 5,000 inawaka moja kwa moja. Umwage oili mara tatu kwa siku, itabaki inawaka mpaka mtu aiambie ianze upya. Hao vijana ama walisahau ama waliona uvivu.

Kuirudisha ni kazi ya dakika moja. Fungua swichi mpaka ON, injini usiwashe. Bonyeza kile kitufe cha ODO/TRIP mpaka isomeke TRIP A. Funga swichi. Sasa bana kitufe hichohicho, usikiachie, na huku umekibana zungusha ufunguo tena mpaka ON. ON, si START. Endelea kubana. Utaona vistari vinapungua kimoja kimoja, kisha zinakuja sifuri na taa inazima. Hapo ndipo uachie kidole.

Corolla za nyuma ya hiyo yako nyingi hutaka isomeke ODO badala ya TRIP A, ndiyo maana ukitafuta video utakuta kila mtu anasema lake na wote wako sahihi. Ikikataa kwa TRIP A jaribu kwa ODO, hakuna kinachoharibika. Habari ya kukanyaga mafuta mara tatu nayo si uongo, ila ni ya Chevrolet na ndugu zake. Toyota hata ungekanyaga mpaka Krismasi.

Kama umepigwa au hukupigwa, muulize kijiti. Gari iwe sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute kabisa kwa kitambaa, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena ndipo usome. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ile ya juu. Oili ya jana kwenye injini ya petroli ina rangi ya asali. Ukikuta nyeusi kama lami, rudi kwao na risiti.

Na usiku wa leo tandaza boksi chini ya injini. Kazi za harakaharaka, kinachosahaulika mara nyingi ni kukaza nati ya kumwagia. Asubuhi boksi litakuambia.

Kishoka77

Mimi IST yangu haina hiyo taa. Fundi wangu wa Ilala huandika kilomita kwenye stika, nami huikumbuka stika nikiwa nimeshapitiliza elfu mbili. Bora wewe mwenye taa ya kukusumbua.

MwenyeGolf

Msiisahau Golf jamani, nasi tunateseka. Yangu ni Golf 5, ilikuwa inaniletea picha ya spana kila asubuhi. Swichi ikiwa imefungwa, bana kitufe cha 0.0, fungua swichi, achia, kisha bonyeza kile kitufe cha dakika za saa. Gereji moja hapa mjini walitaka kunitoza hela ya "kompyuta" kwa kazi hiyo. Nilifanyia mlangoni kwao nikaondoka.

BintiPangani

Fundi, Mungu akuzidishie. Nitajaribu nikiamka. Swali moja: stika waliyonibandikia inasema nirudi baada ya maili 3,000. Taa inahesabu 5,000. Nifuate ipi?

fundi_mstaafu

Aliyeandika stika ndiye anayeuza oili, kwa hiyo hesabu yake ina njaa ndani yake. Fuata kitabu cha gari, na aina ya oili waliyoweka. Iko kwenye risiti. Toyota zile ambazo kitabu chake kinataka oili ya sinthetiki ya 0W-20 (namba hiyo ni ya wepesi wa oili), nyingi zimeruhusiwa kufika hata maili 10,000 kwa oili hiyo, lakini taa inawaka kwenye 5,000 vilevile, maana inakukumbusha na mambo mengine: kubadilishana nafasi za matairi, kutazama breki, kujaza maji ya wapa. Kwa gari uliyoinunua mkononi, historia yake huijui, ningekushauri ubaki na hizo 5,000 za taa. Maili 3,000 ni kumwaga hela.

Halafu jambo ambalo watu hawalitaji. Gari ya kununua mkononi, aliyekuuzia pengine alirudisha sifuri ile taa siku ya kuuza bila kugusa oili. Kwa hiyo mara ya kwanza taa ilikuwa inahesabu ya kwake. Kuanzia leo inahesabu ya kwako.

Kishoka77

Hapo kwenye "siku ya kuuza" fundi umenigusa. Nitanyamaza.

BintiPangani

Marejesho.

Nilianza na kijiti kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi. Mara ya kwanza nikasoma bila kufuta, oili imepaka mpaka karibu na kishikio, nikataka kulia nikidhani wamejaza kupita kiasi. Nikafuta, nikarudisha, nikachomoa. Asali tupu, chini kidogo ya alama ya juu. Nimewaomba radhi wale vijana kimoyomoyo. Boksi nalo limelala chini ya gari usiku mzima wa mapumziko yangu, limeamka kavu.

Taa ilinishinda jaribio la kwanza. Kidole kimebana kitufe, mkono mwingine na baridi hii ukapitiliza mpaka START, injini ikanguruma saa kumi na moja alfajiri na jirani akawasha taa ya chumbani. La pili nikaenda polepole, nikasikia ufunguo umegota ON nikauacha hapohapo. Vistari vikaanza kupungua kama ulivyosema. Nilikuwa nahesabu kwa sauti. Sifuri zikatokea, MAINT REQD ikapotea.

Nimekata kipande cha lile boksi, nimeandika maili za leo na za kurudi, nimekichomeka nyuma ya kibao cha kukinga jua.

Kaka nimemtumia picha ya dashibodi haina taa hata moja. Kanijibu: "Wamekata waya?"